Usilaumu Garimoshi, Tazama Tuta

Tuseme, ndugu msomaji, kuwa ni Jumapili alasiri. Baba amepumzika na shughuli za juma zima, watoto wamekwisha kula, na mezani pamewekwa garimoshi dogo la umeme lenye kichwa na mabehewa matatu. Mtoto aliyelisubiri tangu Jumatatu anabonyeza swichi. Garimoshi linaondoka vizuri, linapita kona ya kwanza, lakini lifikapo kona ya pili linatikisika, linaacha reli na kuporomoka hadi sakafuni. Kichwa kimevunjika. Mtoto analia, na baba, kwa aibu, anasema kuwa mashine ilikuwa mbovu. Mwisho wa mwezi atatafuta fedha za kununua nyingine.

Mara nyingi mashine haina kosa lolote. Kosa liko chini yake, mahali ambapo macho hayafiki: katika tuta na katika namna reli zilivyopigiliwa. Akinunua mashine mpya na kuiweka juu ya njia ile ile, nayo itaanguka pale pale.

Magarimoshi madogo ya namna hii si mchezo wa jana. Mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig magarimoshi ya kuchezea yenye njia zilizotengenezwa kwa vipimo maalumu. Tangu hapo watu wazima kwa watoto katika Ujerumani, Uingereza na Marekani wamejenga stesheni, madaraja na milima juu ya meza zao. Kipimo kilichoenea zaidi huitwa HO, ambacho hupunguza kila kitu mara 87. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Ukiigawa kwa 87 unapata milimita 16.5. TAZARA yenye milimita 1,067, na Reli ya Kati ya zamani yenye mita moja, zote hukaribia milimita 12. Basi fundi wa mezani anafanya kazi ambamo nusu milimita ni jambo kubwa.

MSINGI KWANZA

Wajenzi wa TAZARA, waliofanya kazi kati ya mwaka 1970 na 1975, hawakuanza kwa kutandika vyuma. Katika sehemu ya Mlimba hadi Makambako iliwapasa kukata milima, kutoboa mahandaki na kujaza mabonde kabla ya taruma la kwanza kulala mahali pake. Mezani kanuni ni ile ile.

Chukua plaiwudi yenye unene wa milimita 12 au zaidi, na chini yake upigilie fremu ya mbao. Plaiwudi isiyo na fremu itapinda. Ipake rangi pande zote mbili, kwa sababu mbao hunywa unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na kila inapovimba au kusinyaa huzivuta reli pamoja nayo. Kisha pima kwa pimamaji. Chora kwa penseli mstari wa katikati ya njia yote. Plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8 huweza kubeba duara refu ambalo kona zake zina nusu kipenyo cha sentimita 55. Kona kali kuliko hizo huyatesa mabehewa marefu.

Juu ya mstari huo hujengwa tuta. Kwa desturi hutumika tepe za kizibo, yaani lile gome jepesi la kuzibia chupa, zenye unene wa milimita 5 hivi na ukingo ulioinama kama tuta la kweli. Utepe hupasuliwa katikati kwa urefu, nusu moja ikagundishwa kulia kwa mstari na nusu ya pili kushoto, ili upinde kwa urahisi kwenye kona. Asiyepata kizibo aweza kukata sponji ngumu yenye unene ulio sawa. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, shikilia kwa pini, na uache usiku kucha. Asubuhi yake pitisha msasa juu mpaka kidole kisikute kinundu. Tuta hili hupendeza macho, lakini lina kazi nyingine pia: hupunguza kelele, kwa maana reli iliyolazwa juu ya ubao mtupu huufanya ubao ulie kama ngoma.

SHIKA, USIKABE

Sasa tumefika mahali ambapo wengi huharibu kazi. Mtu hufikiri kwamba reli iliyopigiliwa kwa nguvu ndiyo reli imara. Anapiga msumari katikati ya taruma hadi kichwa chake kizame. Hajui kwamba taruma la plastiki limepinda katikati, ncha zake zimeinuka, na vyuma viwili vimeinamiana. Zile milimita 16.5 hazipo tena. Gurudumu likifika hapo hubanwa, hupanda juu ya chuma, na garimoshi linaanguka. Hilo ndilo lililotokea kwenye kona yetu ya pili.

Dawa yake ni rahisi. Toboa tundu jembamba katikati ya taruma. Weka kipande cha karatasi ngumu juu ya taruma, kando ya tundu, halafu usukume msumari taratibu mpaka kichwa chake kiiguse karatasi. Vuta karatasi, utoke. Nafasi inayobaki ndiyo uhai wa njia. Msumari kazi yake ni kuizuia reli isihame, hautakiwi kuikandamiza.

Tena, chuma hurefuka kwa joto. Reli ndogo yenye urefu wa mita moja, joto likipanda kwa nyuzi 20, huongezeka kama theluthi moja ya milimita. Ni kidogo, lakini ikikosa pa kwenda itajikunja kama nyoka. Kwa hiyo usiziunganishe reli zote zikagusana. Baada ya kila vipande viwili au vitatu acha mwanya wa unene wa kadi. Wazee waliosafiri kwa reli za zamani wanaukumbuka mlio wa magurudumu kila yalipovuka mianya kama hiyo.

Wako wapendao gundi kuliko misumari. Ni njia nzuri, mradi gundi ipakwe nyembamba na reli zikandamizwe kwa vitabu mpaka ikauke. Lakini pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, usitie gundi chini ya vyuma vinavyosogea. Tone moja laweza kuifunga njia hiyo daima.

KOKOTO MWISHO

Usikimbilie kumwaga kokoto. Kwanza endesha garimoshi polepole mbele na nyuma, kwa muda wa siku kadhaa, na upitishe kidole kwenye kila kiungo. Kosa lililofunikwa kwa kokoto na gundi ni gumu kulifukua.

Ukiridhika, chekecha mchanga mgumu. Ule wa pwani uoshwe chumvi kwanza. Mchanga wowote upitishiwe sumaku, maana chembe nyeusi za chuma huvutwa na sumaku ya mota na kuiharibu. Utandaze kwa brashi kati ya mataruma, uuloweshe kwa maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha udondoshee gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bomba la sindano lisilo na sindano linafaa sana kwa kazi hiyo.

Kazi zote hizi mtoto aweza kuzifanya pamoja nawe: kupima, kupiga msasa, kuchekecha. Mtoto aliyeona tuta likijengwa hatasema mashine ni mbovu kabla ya kutazama njia.

Nawe, ndugu msomaji, garimoshi likianguka tena usikimbilie dukani. Piga magoti pamoja na mwanao, wekeni macho usawa wa reli, mwitazame njia kwa urefu wake. Mtauona msumari uliozidi kuzama. Uchomoeni nusu milimita, mjaribu tena.