Fahamu: Kwa nini mtoto haiachi simu

Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Hallonbergen, nje kidogo ya jiji la Stockholm, Sweden, kilifunguliwa 1975, na kuta zake zimejaa michoro ya kitoto. Ni rahisi kuipita bila kuiona ukiwa umeinamia simu.

Kuhusu simu hizo na skrini nyingine, Septemba 2024 Mamlaka ya Afya ya Umma ya Sweden iliwashauri wazazi: walio chini ya miaka 2 wasitumie skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 5 wasizidi saa moja kwa siku, 6 hadi 12, saa moja au mbili, vijana hadi 18, mbili au tatu.

Ugumu wa kuufuata ushauri huo uko wapi? Mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa kubahatisha huendelea kudonoa hata punje zikikoma. Video fupi zina mtego huohuo: nyingi hazina ladha, moja inavunja mbavu, na kidole hakijui ijayo itakuwa ipi. Tena ukurasa hauna mwisho.

Hata hivyo, tusiibebeshe simu kila lawama. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walikuta matumizi ya teknolojia yakieleza asilimia 0.4 tu, kwa kiwango cha juu kabisa, ya tofauti za ustawi wa vijana. Kwangu, usingizi ndio wa kulindwa kwanza, na mamlaka hiyo inashauri simu isilale chumbani mwa mtoto.