Maziwa ya Kopo: Kuchemsha Maji Pekee Hakutoshi

Kila alfajiri mama mfanyakazi wa Kirumba au Igogo, mjini Mwanza, huchemsha maji, huyaacha yapoe, kisha hukoroga maziwa ya kopo ya kutwa nzima na kumkabidhi yaya. Maji ya Ziwa ameyachemsha. Hatari yatoka wapi tena?

Yaweza kutoka ndani ya kopo. Unga wa maziwa ya watoto, hata kopo likiwa halijafunguliwa, haukusafishwa vijidudu vyote kiwandani. Waweza kuwa na salmonela au kronobakta, navyo huzaana upesi katika maziwa ya vuguvugu. Kronobakta humletea mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, ugonjwa wa uti wa mgongo, na huweza kumwua.

Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 wataka unga ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70 za Sentigredi, yaani kabla nusu saa haijapita tangu yachemke. Kisha chupa ipozwe katika maji baridi, na tone lijaribiwe mkononi kabla ya kumnywesha mtoto. Yatakayobaki baada ya saa mbili yamwagwe, ingawa kumwaga maziwa ya bei ghali kwauma. Chupa na chuchu yake zioshwe na kuchemshwa kila mara.

Maziwa ya mama yangali bora, nayo yatosha peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Lakini palipo na kopo, yaya naye asomewe maelezo haya: ndiye ashikaye chupa mchana kutwa.