Mgongo Wazi, Mkopo na Mashua

Katika Obunga, mtaa wa mabanda ulio jirani na Kondele mjini Kisumu, wanawake wengi huishi kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki viwanda vikishakata minofu ya kuuzwa ng'ambo. Mifupa hiyo hununuliwa kwa jumla, huparwa magamba, huanikwa juani juu ya chanja, kisha hukaangwa kwenye makarai makubwa na kupelekwa sokoni. Wateja wake ni wale ambao samaki mzima amewashinda bei. Faida ni ndogo, kwa kuwa bei hupangwa na mwenye kiwanda na mwenye lori.

Kwa miaka mingi dawa iliyoagizwa kwa hali kama hii ni mkopo, na mfano uliotajwa zaidi ulitoka Asia. Mwaka 1976 Muhammad Yunus alianza kuwakopesha maskini wa kijiji cha Jobra, Bangladesh. Mwaka 1983 jaribio hilo likawa Grameen Bank. Wakopaji, wengi wao wanawake, walijiunga vikundi vya watu watano, na kikundi kikawa badala ya hati ya shamba. Kenya, ambako Kenya Women Finance Trust ilianzishwa mwaka 1981, mpango huo haukuwa mgeni: Waluo walikuwa na nyoluoro, mchango wa kupokezana, kabla mabenki hayajawajali akina mama.

Hata hivyo mkopo una mpaka wake, na kwenye fuo za Ziwa Viktoria mpaka huo huonekana waziwazi. Mashua na nyavu kwa kawaida ni mali ya wanaume. Samaki walipopungua ziwani, pesa peke yake hazikutosha kumpatia mchuuzi samaki. Ndipo ukashamiri mtindo wa jaboya, ambapo mvuvi hudai ngono ndipo amuuzie mwanamke samaki. Mtindo huo umechangia kueneza virusi vya UKIMWI katika fuo za ziwa. Mkopo mkubwa zaidi usingeuvunja.

Mwaka 2011, wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walianza kumiliki mashua kwa msaada wa Peace Corps ya Marekani na shirika la Kisumu liitwalo VIRED. Wanaume waliajiriwa kuvua, na mwenye mashua akawa ndiye mwenye samaki. Uhusiano wote uligeuka, ingawa mradi haukukosa taabu: mashua za mbao huoza, na mwaka 2020 ziwa lilifurika likameza kijiji, wakazi wakahama.

Asia ina mfano mwingine, usiosifiwa sana Afrika Mashariki, ambao unaufaa ufuo huu kuliko Grameen. SEWA, iliyoanzishwa na Ela Bhatt mjini Ahmedabad, India, mwaka 1972, ni chama cha wafanyakazi wanawake. Wanachama wake, wakiwemo wachuuzi wa barabarani, hudai kwa pamoja malipo na mahali pa kuuzia; benki yao wenyewe ilifuata mwaka 1974. Kenya tayari ina mlango wa kazi hiyo: kanuni za mwaka 2007 za vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, ziliwaingiza wachuuzi wa samaki kwenye kikundi pamoja na wenye mashua. Kwa wakaangaji wa Obunga, walio mbali na ufuo, mlango huo haupo. Mradi utakaowafaa ni ule utakaowawezesha kununua mifupa kiwandani kwa pamoja, bila dalali.