Mshabiki wa Rolakosta na Hesabu za Getini

Vijiweni Mvumi Mission, bodaboda wakisubiri abiria wa hospitali, simu hupita mkono kwa mkono. Mara nyingi ni mpira. Siku nyingine ni video za rolakosta, zile treni za burudani zinazopandishwa juu ya mnara wa chuma kisha zikaachiwa zishuke huku abiria wakipiga mayowe. Vijana hawa hawajapanda hata moja, na hapa nchini hakuna ya kiwango hicho, lakini wanazijua. Watakuambia Formula Rossa ya Abu Dhabi inafika kilomita 240 kwa saa. Watakuambia Kingda Ka ya New Jersey ilikuwa na urefu wa mita 139 na kwamba mwaka 2025 mnara wake uliangushwa kwa baruti. Baada ya hapo huja hoja ambayo lazima iishie kwa ubishi: Dodoma ni makao makuu, Ikulu iko hapa Chamwino, treni ya umeme imefika. Mbona sisi hatujengewi?

Mimi siwacheki. Aliyetazama video mia tatu za mashine moja anajua mambo ambayo mwenye mradi angelipa pesa kuyajua. Marekani kuna chama cha wapenzi wa rolakosta tangu 1978, na wanachama wake wanaweza kukutajia kiwanda kilichotengeneza reli, idadi ya viti na idadi ya watu wanaopandishwa kwa saa moja. Wakiona treni moja tu inazunguka Jumamosi wakati zamani zilikuwa mbili, au rangi inabanduka kwenye nguzo, wanajua fedha zimekata kabla hata wenye hisa hawajaambiwa. Hayo ni maarifa ya kweli.

Tatizo ni kwamba mshabiki hujiona yeye ndiye mteja. Hununua tiketi ya msimu kwa bei nafuu, akaja na mkate wake kwenye begi, akapanda mashine ileile mara kumi na tano, akarudi nyumbani. Anayelipa mishahara ya pale ni mama mwenye watoto watatu. Huyu atapanda mara mbili, ya tatu atakataa, halafu atanunua maji, chipsi, kofia na picha, na kabla ya kuondoka atauliza choo kiko wapi. Kikiwa kichafu harudi, hata kama reli imevunja rekodi ya dunia. Ile Kingda Ka ilikuwa mali ya Six Flags, kampuni iliyojaza viwanja vyake mashine za kusifiwa. Juni 2009 kampuni hiyo ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, ikiwa na deni la takribani dola bilioni 2.4. Treni ziliendelea kupanda na kushuka siku hiyo kama kawaida, na aliyekuwa kwenye foleni asingejua lolote.

Mwaka mmoja kabla, kiwanja kipya cha Hard Rock Park kilifunguliwa Myrtle Beach, South Carolina, kwa gharama ya dola milioni 400 hivi. Wapenzi walikisifu kwa ubunifu. Septemba ya mwaka huohuo kikawa kimefilisika. Kilizaliwa na deni kubwa, tiketi ilikuwa ghali, mdororo wa uchumi ukakikuta mlangoni, na watalii wa mji ule walikuwa wamefuata bahari. Wenye mali wapya walikibadilisha jina, wakafungua tena 2009, kikafa tena.

Mfano ulio karibu zaidi na Dodoma uko Ankara. Nayo ni makao makuu yaliyohamishiwa uwanda wa juu, mbali na jiji kubwa la pwani, tangu 1923. Aliyekuwa meya wake, Melih Gökçek, alisukuma kwa miaka mingi ujenzi wa bustani kubwa ya burudani iliyoitwa Ankapark, ikiwa na midoli mikubwa ya dinosaria na rolakosta za kutosha nchi nzima. Ilitajwa kugharimu dola milioni 801. Ilifunguliwa Machi 2019 kwa sherehe za kitaifa; mwaka mmoja haukuisha vizuri milango ikafungwa, huku madeni ya umeme yakiwa juu ya meza. Hakuna aliyekosea vipimo vya reli pale. Waliopanga mradi walipenda kitu kile kwa namna ileile wanavyokipenda vijana wa kijiweni, tofauti ikiwa suti na mamlaka ya kutia saini.

Nasema hivi nikiwa Mvumi kwa sababu Mvumi wanajua mradi uliopangwa na watu wenye mapenzi unavyokuwa ukishafika chini. HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden. Kondoa mifugo iliondolewa 1979, na zamu ya Mvumi ikafika 1986. Wataalamu walikuwa sahihi kuhusu kile walichokipenda. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba, na mifugo ilipoondoka nyasi na vichaka vilirudi. Anayebisha hilo hakuona. Ila kwa Mgogo ng'ombe ana kazi nyingine nyingi mbali na kukanyaga udongo. Anatoa samadi ya shamba la uwele na maziwa ya mtoto, analipa mahari, na mwaka wa njaa anauzwa. Ukimhamisha umehamisha benki, na mwenye benki atatafuta njia. Wako waliopeleka mifugo kwa ndugu nje ya mpaka wa mradi, na wako waliorudisha kimyakimya. Mpango ulikuwa na ramani ya makorongo. Daftari la matumizi ya kaya haukuwa nalo.

Turudi kwenye rolakosta, na tuandike daftari hilo. Tuseme mashine ya wastani, si ya rekodi, inanunuliwa kwa dola milioni 10. Ni kama shilingi bilioni 26. Tuseme kiingilio ni shilingi 5,000, na kwa muujiza hakuna mshahara, umeme, bima wala grisi ya kulipia. Zinahitajika tiketi milioni 5.2 kurudisha bei ya mashine peke yake. Sensa ya 2022 ilihesabu Jiji la Dodoma watu zaidi ya 760,000. Kila mmoja wao, pamoja na mtoto wa mgongoni na bibi asiyeona vizuri, angepanda karibu mara saba. Sasa weka mishahara. Weka fundi anayekagua reli kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa, na kipuri kinachosubiri meli wakati mashine imesimama. Weka Septemba, upepo na vumbi la Dodoma vikilazimisha treni ibaki kituoni. Weka Jumanne, wakati watoto wako shule na wakubwa wako kazini, ambapo mshahara wa fundi ni uleule wa sikukuu.

Ajabu ni kwamba biashara ya burudani mkoa huu unayo, na wanaoiendesha hawajaitwa kwenye semina yoyote. Mnada wa Msalato siku ya Jumamosi haumtozi mtu kiingilio cha kuja kushangaa. Anakuja bure, anazunguka, anakutana na watu, na harufu ya nyama choma inafanya kazi iliyobaki. Knoebels, kiwanja cha familia kule Pennsylvania, kinakwenda hivyohivyo tangu 1926: geti ni bure, unalipia unachopanda na unachokula, na kina rolakosta za mbao ambazo wapenzi husafiri mbali kuzifuata. Wachoma nyama wa Msalato wangemwelewa mwenye Knoebels bila mkalimani.

Zanzibar nako kuna darasa. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, Unguja, na Tibirinzi, Chake Chake, viko chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF. Humo hakuna mashine ya kuvunja rekodi. Kuna bembea na vya kuzunguka, na zikifika Sikukuu za Idi watoto wanajaa na nguo zao mpya. Mpenzi wa kasi angepita bila kugeuka. Lakini mtoto wa miaka 6 hajui kilomita kwa saa, na mzazi wake anachotaka ni mahali salama anapoweza kumudu mwaka huu na mwaka ujao.

Je, vijana wa Mvumi wamekosea? Kwa leo, naona ndiyo. Kwa miaka 20 ijayo sina uhakika. Dodoma yenyewe iliamuliwa 1973, ramani yake ikachorwa na kampuni ya Toronto mwaka 1976, na watu wakacheka kwa miaka 40 kabla serikali haijahama kweli. Mji unakua, na tangu 2024 treni inamleta mtu wa Dar es Salaam kwa muda usiozidi asubuhi moja. Jiji tayari limejenga bustani ya mapumziko ya Chinangali, kwa hiyo hamu ipo.

Ningepewa mimi kiwanja Chamwino, ningeanza na miti ya kivuli, maji, vyoo vyenye mtu wa kuvisafisha na jukwaa la ngoma za Kigogo, kwa sababu vikundi vya muziki wilaya hii havihitaji kuagizwa kwa meli. Wachoma nyama ningewakaribisha kabla ya makandarasi. Bembea mbili tatu zingefuata. Wale vijana ningewaajiri kwa sharti moja: mwaka wa kwanza wasishughulike na mashine kabisa, wakae getini wakihesabu wanaoingia katikati ya wiki, wanaorudi mwezi unaofuata, na wanaofika mlangoni, wakauliza bei, wakageuka.