Vijana wa Garissa wana hoja, wafundishwe kuziandika

Wapo wasemao kwamba kijana wa Kaskazini Mashariki hawezi kuandika insha ya hoja kwa Kiswahili kwa kuwa Kiswahili si lugha ya mamaye. Kauli hiyo imerudiwa mno hata baadhi ya walimu wameikubali kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Nusu yake ni kweli. Kwa mtoto wa Kisomali wa Garissa, Wajir au Mandera, Kiswahili ni lugha ya pili, na mara nyingi ni ya tatu au ya nne, baada ya Kisomali cha nyumbani, Kiarabu cha duksi na Kiingereza cha darasani. Lakini kijana wa Nairobi ajifunzaye Kifaransa yumo katika hali iyo hiyo, na akikalia mtihani wa DELF wa ngazi ya B1, ambao cheti chake hutolewa na wizara ya elimu ya Ufaransa, hutakiwa aeleze msimamo wake kwa maneno yapatayo 160. Hakuna amwambiaye angoje kwanza hadi Kifaransa kimkae sawasawa kinywani ndipo aruhusiwe kuwa na maoni. Kutoa maoni ni sehemu ya kujifunza lugha yenyewe.

Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ina alama 40, nazo hupatikana kwa insha mbili. Moja ni ya lazima, na nyingine mtahiniwa huichagua, na aghalabu miongoni mwa maswali hayo huwamo moja limtakalo ajadili jambo. Kila insha isipungue maneno 400. Kijana afanyeje? Hufanya alilofundishwa. Hufungua kwa "Wahenga walinena, wakanena kweli", hupachika methali mbili ambazo hazihusiani na swali, hueleza kwamba jambo lenyewe ni bayana mithili ya jua la mchana, kisha huorodhesha faida sita na hasara sita alizozihifadhi. Msahihishaji akifika mwisho hajui kijana huyo anaunga mkono au anapinga. Kwa kweli hata kijana mwenyewe hajui, kwani hakuna aliyemwuliza.

Na akijaribu kusema lake, kalamu nyekundu humngoja. Kisomali hakina sauti ya /p/, wala /v/, wala /z/. Kwa hiyo "nimepata" hugeuka "nimebata", na "vizuri" huweza kuandikwa "fisuri". Nomino za Kisomali zina jinsi mbili, ya kiume na ya kike. Hazina ngeli kama zetu, na kitenzi hupenda kukaa mwishoni mwa sentensi. Makosa haya yana sababu zinazoeleweka na yanatibika. Lakini karatasi irudishwayo imejaa miviringo myekundu, bila neno hata moja la kumjibu kijana kuhusu alichokisema, humfunza somo moja tu: usijaribu tena, rudi kwa wahenga.

Ajabu ni kwamba watoto hawa wametoka katika jamii iliyobobea katika kujadiliana. Chini ya mti, wazee huketi siku nzima wakizungumzia kisima, fidia au mpaka wa malisho, na asemaye hutarajiwa kwanza aonyeshe kuwa amemsikia aliyemtangulia. Mwaka 1979 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, ajulikanaye zaidi kwa jina la Gaarriye, alianzisha mnyororo wa mashairi ulioitwa Deelley kuhusu ukabila katika siasa za Somalia. Washairi wengine, Hadraawi akiwamo, walimjibu kwa kuunga na kupinga, wote wakifungwa na sharti la kurudiarudia sauti ya "d", na tungo zao zikasambaa kwa kanda za kaseti. Sisi wa Kiswahili tunaufahamu mchezo huo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu, na malumbano yao yangali yakisomwa vyuoni. Sielewi kwa nini mwalimu wa insha huko Garissa asianze na mambo hayo mawili, akawaonyesha wanafunzi kuwa kinachodaiwa na mtihani si kigeni kwao.

Lugha yao nayo yatoa msaada ambao haujatumiwa. Katika Kisomali, sentensi ya kawaida ya kuarifu hubeba kijineno kinachoonyesha uzito uko wapi. "Cali waa yimid" ni kusema Ali amekuja. "Cali baa yimid" ni kusema Ali ndiye aliyekuja, si mwingine. Msemaji wa Kisomali, basi, amezoea tangu utotoni kuchagua ni kipi anachokisisitiza. Mwalimu akimwonyesha kwamba Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa "ndiye", "ndicho" na "ndiyo", amempa chombo cha hoja kwa kipindi kimoja. Aidha, msamiati wa kujadili tayari anao nusu yake kutoka Kiarabu: rai ni ra'yi, sababu ni sabab, haki ni xaq, sheria ni sharci, shaka ni shaki. Kinachokosekana ni maneno ya kupima uzito wa kauli, yaani huenda, pengine, yamkini, ijapokuwa, hata hivyo. Bila hayo kijana huandika "lazima" kila mstari, na hoja zake husikika kama amri za chifu.

Kisha kuna suala la mada. Mwanafunzi wa Garissa hujadilishwa kuhusu msongamano wa magari mijini. Kwa nini asijadili mathenge? Mti huu uliletwa nchini kuzuia jangwa, ukapandwa katika maeneo makavu miaka ya 1970 na 1980, nao sasa umefunga njia za mifugo na kumeza malisho kandokando ya Tana. Wafugaji wanaulaani kwa kuharibu meno ya mbuzi; mwaka 2006 wakazi wa Baringo walifika mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Wakati huohuo kuna wauchomao makaa wakalisha watoto, na wauthaminio kwa kivuli. Ukatwe wote au utumiwe? Darasa litagawanyika lenyewe, kwani baba wa mmoja ni mfugaji na mama wa mwingine anauza makaa.

Kuna mada nzito kuliko hiyo. Atimizapo miaka 18 kijana huyu huomba kitambulisho. Kwa miongo mingi Wakenya Wasomali walipigwa msasa na kamati za wazee na maofisa wa usalama kabla ya kukipata, na baadhi walikinyimwa kwa kuwa familia zao zilijiandikisha kambini Dadaab wakati wa njaa ili zipate chakula. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini huko Wajir amri ya kuuondoa msasa huo. Wengine walishangilia usawa, wengine wakaonya juu ya usalama wa mpaka. Mwalimu mwoga ataliepuka jambo hili. Lakini ni nani mwenye haki zaidi ya kuliandikia kuliko yule aliye kidato cha nne huko Wajir?

Yote hayo yahitaji mwalimu, na hapo ndipo penye kidonda. Mnamo Novemba 2014 watu 28, walimu wengi miongoni mwao, waliuawa katika basi lililotoka Mandera. Januari 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na tume ya walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji. Hakuna awezaye kumlaumu mtu kwa kuiokoa roho yake. Ila tukubali kwamba somo lililoumia zaidi ni lile ambalo mtoto halisikii nyumbani. Dawa ya kudumu ni kuwasomesha vijana wa huko huko wawe walimu wa Kiswahili, nao wataijua tofauti ya "baa" na "waa" bila kusoma makala haya.

Kwa sasa, mwalimu aliyebaki na apunguziwe kazi ya kalamu nyekundu. Aisome insha mara mbili. Mara ya kwanza asiguse sarufi, amwulize tu mwandishi: "Wasema nini, na kwa nini nikuamini?" Mara ya pili achague kosa la aina moja, tuseme "p" na "b", alishughulikie hilo peke yake. Mtihani wa KCSE utafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa shule za upili za juu wameingia gredi ya 10 Januari 2026. Watungao vigezo vya upimaji wa mfumo huo mpya wangali na nafasi ya kuamua ni alama ngapi apewe kijana aliyekosea ngeli mbili lakini akaeleza kwa nini mathenge usikatwe.