Kitako cha Bunduki ya Kuwindia: Kati ya Unyevu wa Pwani na Ukavu wa Bara

Kitako cha bunduki ni ile sehemu ya mbao au ya plastiki inayoshikwa kwa mikono na kuegemezwa begani, nayo ndiyo inayobeba mtutu pamoja na mwili wa chuma ambamo komeo huteleza, huingiza risasi na kuifungia. Wanunuzi wengi hukitazama kama pambo, ilhali katika mji kama Durban, Afrika Kusini, ndicho kinachochangia sana kuamua kama risasi itapiga leo pale ilipopiga miezi mitatu iliyopita. Albert Park, mtaa wa mji huo ambao Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Tanzania husikika madukani na vibarazani, uko karibu na bandari, jirani na Barabara ya Margaret Mncadi na gati za Maydon, na hewa ya Bahari ya Hindi huingia hadi ndani ya makabati. Bunduki inayokaa hapo kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ambayo huko ni ya joto na mvua, hunywa unyevu kimyakimya. Kisha msimu wa kuwinda ukifika, ambao kwa kawaida huangukia majira ya baridi, bunduki hiyohiyo hupandishwa gari na kupelekwa Karoo au jimbo la Rasi ya Kaskazini, ambako hewa ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Anayenunua kitako kipya cha kutumika katika mazingira hayo mawili hana budi kuanza na swali la maji, kabla hajauliza rangi wala bei.

Mbao, hata ikiwa imekatwa miaka mingi iliyopita, haiachi kuvuta na kutoa maji. Ikiachwa itulie katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hubeba maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu, na katika hewa ya asilimia 30 hushuka hadi kama asilimia 6. Mabadiliko hayo karibu hayaonekani kwenye urefu wa mbao, kwa kuwa nyuzi hazirefuki, lakini kwenye upana huonekana waziwazi: kipande cha mjozi, yaani mti wa jozi ambao ndio mbao ya jadi ya vitako, chenye upana wa milimita 40, kinaweza kupungua kwa karibu milimita 1 kikitoka hali ya kwanza hadi ya pili. Vanishi na mafuta hupunguza kasi ya safari hiyo ya maji, ila haviizuii kabisa. Milimita 1 ni unene wa karatasi kumi za kuandikia, na kwa bunduki ni nyingi mno, kwa sababu mbao haipungui sawasawa pande zote. Hujipinda, na sehemu yake ya mbele huja kuusukuma mtutu kutoka chini au kutoka ubavuni, hivyo mtutu hutikisika vingine risasi inapopita na shabaha huhama bila mtu kugusa darubini.

Ndiyo maana mafundi huacha mwanya mwembamba kati ya mtutu na sehemu ya mbele ya kitako, ili mtutu uelee bila kuguswa na kitu. Kipimo chake ni chepesi: ukanda wa karatasi hupitishwa chini ya mtutu na kuvutwa polepole kuelekea nyuma, na ukikwama kabla ya kukaribia mwili wa bunduki, hapo pana mguso. Jambo la pili, ambalo ni zito zaidi, ni kutandika, maana yake kuujengea mwili wa bunduki kitanda kinachoushika bila kulegea. Chini ya mwili huo pana kigingi cha chuma kinachopokea msukumo wote wa bunduki inaporudi nyuma. Kigingi kisipoegemea imara, mwili hupiga mbao kwa nyuma kama patasi, na ufa huanzia kwenye shingo ya kitako, pale kiganja kinaposhika. Fundi hutandika kwa gundi ngumu ya epoksi, na mara nyingi huongeza bomba fupi za chuma kuzunguka skrubu mbili zinazoshikilia bunduki, ili zikikazwa zisiibonyeze mbao. Kitako cha bei ya juu kisichotandikwa ni hasara, na kitako cha kawaida kilichotandikwa vizuri huweza kudumu kuliko mwenyewe.

Kuhusu vifaa, vitako vya plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu havinyonyi maji kama mbao, lakini vingi ni laini sehemu ya mbele, na mwindaji akiegemeza bunduki juu ya jiwe au tawi hujipinda na kuugusa mtutu. Faibaglasi na nyuzi za kaboni ni ngumu na hazitishwi na hewa ya Durban, ila zina gharama, na wepesi wa kaboni una malipo yake begani: kadiri bunduki inavyopungua uzito, ndivyo teke lake linavyozidi, na mwenye risasi kubwa kama .375 H&H, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 kwa wanyama wakubwa, hatakiwi kushangilia kila gramu inayoondoka. Mbao za tabaka, yaani vipande vyembamba vilivyobandikwa kwa gundi huku nyuzi zikipishana kidogo, ni nzito kuliko mjozi lakini hujipinda kwa nadra, kwani tabaka moja huizuia nyingine. Kwa mkazi wa pwani anayewinda bara, mbao za tabaka zilizotandikwa ndizo chaguo la busara zaidi kwa fedha inayotumika.

Hata hivyo mbao ya kipande kimoja haijaisha thamani, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoijua. Mti unaoitwa kiaat nchini Afrika Kusini ni mninga uleule wa vitanda na milango ya Tabora, na sifa yake kuu ni kutulia: hupungua na kuvimba kidogo mno ukilinganishwa na mbao nyingi, mjozi ukiwamo. Udhaifu wake ni nyuzi zinazosokotana, hivyo kipande cha kitako kichaguliwe kwa kufuata mistari ya mbao kwenye shingo, ambayo inapaswa kupita kwa mshazari mdogo kutoka mbele kwenda nyuma bila kukata upande. Mstari ukikatiza shingo, teke litaivunja hapo. Mpingo, kwa uzuri wake wote, haufai, kwa kuwa ni mzito hata huzama majini. Ikumbukwe pia kwamba mninga ni mti unaolindwa na sheria ya misitu ya Afrika Kusini, basi ununuliwe kwa muuzaji mwenye vibali. Mbao yoyote itakayochaguliwa ipakwe mafuta au epoksi ndani ya mashimo yote na mwishoni, chini ya mpira wa begani, ambako nyuzi zimekatwa na maji huingia kama kwenye mirija. Wauzaji hung'arisha nje na kuacha ndani pakiwa pakavu, na huko ndani ndiko mnunuzi anapaswa kuangalia kwanza.

Kitako lazima pia kilingane na bunduki yenyewe na mwili wa mtu. Jina la Mauser, aina iliyoenea sana Afrika Kusini tangu Makaburu walipoibeba katika vita vya 1899 hadi 1902, halitoshi dukani, maana matoleo yake hutofautiana kwa urefu wa mwili, umbo la mtutu na mahali pa mkono wa komeo. Kwa mtu, kipimo cha msingi ni umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, ambao kwa vitako vingi vya kiwandani ni kama sentimita 34 hadi 36. Mwenye mikono mifupi, wakiwamo wanawake wengi na vijana, huhitaji pungufu ya hapo. Jaribio la kweli ni kufumba macho, kuinua bunduki tupu begani na kuyafumbua: jicho likijikuta katikati ya darubini bila shingo kunyooshwa, kitako kimekaa.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya Afrika Kusini, Na. 60 ya mwaka 2000, huhesabu mtutu, fremu na mwili wa bunduki kuwa sehemu kuu zinazodhibitiwa kama silaha, na kitako hakimo. Lakini bunduki yenyewe hairuhusiwi kuachwa kwa seremala wa mtaani, hata awe hodari namna gani. Seremala hupewa mbao peke yake, na kazi ya kuunganisha hufanywa na fundi bunduki mwenye leseni. Wakazi wa Albert Park wajue vilevile kwamba cheti cha umahiri, ambacho hutangulia leseni, hutolewa kwa raia au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, na kwa kawaida aliyetimiza miaka 21. Hati ya kuomba hifadhi haitoshi.

Kitako kipya kikishafungwa, bunduki hulengwa upya hata kama darubini haikuguswa. Risasi tatu za kwanza hupigwa mtutu ukiwa wa baridi, kwa sababu tandala hapigwi na mtutu uliopashwa moto, na alama zake huandikwa pamoja na tarehe. Kisha, baada ya bunduki kukaa siku mbili katika hewa ya bara, skrubu mbili za chini hukaguliwa kwa spana ya kupimia nguvu, na karatasi hupitishwa tena chini ya mtutu kabla risasi nyingine tatu hazijapigwa. Mnyama aliyejeruhiwa kwa sababu ya mbao iliyojipinda usiku hufa polepole kichakani, mbali na macho ya aliyempiga.