Istilahi za Spika za Besi na Vikuza Sauti vya Magari

Katika maandishi mengi ya Kiswahili yahusuyo vyombo vya sauti, neno kipaza sauti limetwikwa mizigo mitatu. Huitwa hivyo chombo ambacho msemaji hukiweka mbele ya kinywa chake. Huitwa hivyo pia chombo kitoacho sauti. Na wafasiri wengine hulitumia hata kwa kisanduku kilicho kati ya viwili hivyo, ambacho kazi yake ni kukuza umeme wa sauti. Katika taarifa ya mkutano wa hadhara utatanishi huu hauna madhara makubwa. Lakini katika maelezo ya kufunga muziki ndani ya gari, sentensi isemayo "unga kipaza sauti kwenye kipaza sauti" haimfundishi fundi lolote, na akikisia vibaya huunguza chombo cha bei kubwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi spika ya besi inavyolinganishwa na kikuza sauti chake, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri na walimu.

Majina ya vyombo

Yafaa chombo cha kwanza kiitwe maikrofoni, cha pili spika, na cha tatu kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya. Spika itoayo sauti nzito tu ni spika ya besi. Neno sabufa, lililokwisha kuenea mitaani, halina sababu ya kukataliwa.

Ndani ya spika mna koili ya sauti, yaani waya mwembamba uliozungushwa juu ya bomba dogo jepesi, katikati ya uga wa sumaku. Mkondo wa umeme upitapo, koili husukumwa mbele na nyuma pamoja na koni, ambayo umbo lake lafanana na kawa ya kufunikia chakula, na hewa hutetemeka. Spika nyingi za besi za magari zina koili mbili juu ya bomba moja, ili mfungaji achague namna ya kuziunga.

Mfuatano na sambamba

Kila koili huukinza umeme, na ukinzani huo hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Mjerumani, Georg Simon Ohm. Tuchukue spika yenye koili mbili za omu 4 kila moja. Ncha hasi ya koili ya kwanza ikiungwa na ncha chanya ya koili ya pili, umeme hupita koili moja baada ya nyingine, na jumla ni omu 8. Ncha chanya zote mbili zikiungwa pamoja, na hasi zote mbili pamoja, umeme hupata njia mbili kwa wakati mmoja, na ukinzani hushuka hadi omu 2. Koili moja ikigeuzwa ncha zake, koili hizo hushindana, na sauti hufifia.

Namna ya pili ni kuunga sambamba. Mfasiri ajihadhari hapa, kwani magazeti hutumia "sambamba na" kwa maana ya "pamoja na", na msomaji aweza kudhani kuwa koili zilizokaa pamoja tayari zimeungwa sambamba. Namna ya kwanza wengi huiita mfululizo. Twapendekeza iitwe mfuatano, kwa sababu mfululizo lahitajika mahali pengine, kama tutakavyoona.

Kulinganisha

Kila kikuza sauti huwekewa na watengenezaji wake ukinzani wa chini kabisa kinaoweza kuuhimili. Volti zikibaki zile zile, ukinzani ukipunguzwa nusu, mkondo huongezeka maradufu. Kwa volti 40, spika ya omu 4 huchukua ampea 10, nayo ni wati 400. Ya omu 2 huchukua ampea 20, nayo ni wati 800. Kwa hiyo mwalimu asiseme kuwa omu chache ni "mzigo mwepesi". Kinyume chake ndicho kweli. Spika mbili za namna tuliyoitaja, koili zake zote nne zikiungwa sambamba, hufikia omu 1, na kikuza sauti cha omu 2 hupata joto kupita kiasi, hujizima au huungua. Koili za kila spika zikiungwa kwa mfuatano, kisha spika mbili hizo zikaungwa sambamba, jumla ni omu 4, nacho husalimika.

Limebaki suala la wati. Kuna wati ambazo chombo huzihimili muda wote kifanyapo kazi, na kuna zile kinazozifikia kwa kitambo kifupi tu. Za kwanza ziitwe wati za mfululizo, za pili wati za kilele. Ulinganishaji ufanywe kwa wati za mfululizo za pande zote mbili. Tangazo linaloandika "wati 1,000" bila kueleza ni zipi halimsaidii mnunuzi, na mfasiri analifasiri kwa uaminifu pale tu anapobainisha tofauti hiyo.

Wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, wanaombwa kuyapima mapendekezo haya karakanani. Istilahi ambayo fundi hawezi kuitumia akiwa na waya mkononi haijakamilika.